Kijana wa jina lile jingine

Hadithi ya kuuawa kwa Farao Ramesses III ikisimuliwa, lawama huishia kwa mwanamke mmoja na mwanawe. Tiye, mke mdogo mwenye kijicho, alitaka mtoto wake Pentawere akalie kiti cha enzi. Akawavuta watumishi wa ikulu, zikatumika sanamu za nta za kichawi, na mnamo 1155 KK mfalme akauawa. Sehemu kubwa ya hayo naikubali. Lakini tumeyapata wapi? Mengi yametoka kwenye hati ya mafunjo iliyoko Turin, Italia: mwenendo wa kesi uliokamilishwa chini ya Ramesses IV, yule yule aliyebaki na kiti baada ya ndugu yake kuondolewa.

Wanaoiamini hati wana hoja nzito. Mwaka 2012 watafiti, wakiwemo Zahi Hawass na Albert Zink, walichapisha matokeo ya picha za CT za maiti ya mfalme: koo lilikatwa hadi mfupani. Waliomhifadhi walikuwa wameweka hirizi ya jicho la mungu Horus kwenye jeraha, apone huko aendako. Mtu hazuliwi kifo cha namna hiyo. Tena njama ilivuka kuta za nyumba ya wake wa mfalme: mmoja wa wanawake wa humo alimwandikia kaka yake, mkuu wa wapiga mishale kule Kush, kusini mwa Misri, awachochee watu na aje kupigana na bwana wake.

Mahakama nayo haikuwaogopa watu wake. Kati ya mahakimu 12, watatu walishtakiwa wenyewe kwa kunywa na kustarehe na wanawake washtakiwa kesi ikiendelea. Wawili walikatwa pua, na mmoja wao akajiua. Wa tatu, Hori, alikemewa tu akaachiwa. Mahakama inayopima makosa hivyo si ya kupuuzwa.

Ila tuyatazame majina. Mtumishi mmoja wa mezani anaitwa Mesedsure, maana yake “Ra (mungu jua) anamchukia”. Yule mkuu wa wapiga mishale ni Binemwese, “Uovu ndani ya Thebes”, jiji kuu la kusini. Mzazi gani wa Misri ile angembeba mtoto mchanga na kumwita hivyo? Majina hayo yamebandikwa, na ya kweli yamefutwa. Kwa Wamisri jina lilikuwa sehemu ya uhai wa mtu; lilipofutwa, alikufa tena hata ahera. Kwa hiyo adhabu ilianzia kwenye wino, kabla msomaji hajafika kwenye kosa. Akutukanaye hakuchagulii tusi.

Na Pentawere je? Karani anamwita “Pentawere, yule aliyeitwa kwa jina lile jingine”. Nimeurudia mstari huo mara nyingi na kila mara unanichoma. Jina lipi? Karani alilijua, mahakimu walilijua, mama yake ndiye aliyelitamka kwanza. Kosa lake limeelezwa kwa pumzi moja: aliungana na Tiye mama yake alipokuwa akipanga mambo na wanawake wenzake. Hakuna barua yake iliyotajwa, hakuna neno la utetezi. Alionekana ana hatia, wakamwacha pale alipo, akajiua. Basi. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Tiye mwenyewe hukumu yake haimo katika kilichobaki cha hati. Anayemwita mwanamke wa kijicho na atembee Medinet Habu, hekalu la mumewe, aone mahali pa kuandika jina la malkia palivyoachwa patupu. Katika nyumba yenye wake wengi na wana wengi, pengo lile, lililoacha wazi mwana wa nani angerithi, liliwahusu kina mama wote. Nje ya ikulu nako hapakuwa shwari: katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III, mafundi wa makaburi ya kifalme wa kijiji cha Deir el-Medina waligoma kwa sababu posho yao ya nafaka haikuja, wakasema njaa na kiu ndivyo vilivyowatoa kazini. Haya hayahalalishi kisu. Yanaonyesha tu kwamba serikali ilikuwa imechoka kabla mwanamke yeyote hajanong’ona.

Mwaka 1881, kwenye pango la maiti za kifalme huko Deir el-Bahari, alipatikana kijana aliyefunikwa ngozi ya mbuzi, iliyokuwa najisi kwa mazishi ya namna hiyo. Mdomo u wazi, matumbo hayakutolewa kama ilivyo desturi. Watafiti wale wa 2012 walimkadiria miaka 18 hadi 20, na vinasaba vyake vinaelekeza kwamba alikuwa mwana wa Ramesses III. Wengi wanaamini ndiye Pentawere. Alizikwa kwa dharau, lakini alizikwa kati ya wafalme. Jeneza lake halikuandikwa jina lolote, si lile la kubandikwa wala lile jingine.