Saa mbili za kunyonyesha zinaishia kwenye foleni

Wazazi wa hapa Malmö, Sweden, ninakoishi, wamenuna: chekechea itafungwa siku moja walimu wapange kazi. Siku moja! Na mzazi aliyebanwa akisema mapema, mwanawe anatafutiwa pa kukaa. Hasira inanipanda, wala si kwao.

Kinachoniuma si hela za Sweden, ni hesabu ya njia. Hapa Sweden saa za mtoto chekechea ni saa za kazi za mzazi, ukijumlisha muda wa kwenda na kurudi. Ada ya mtoto wa kwanza haizidi asilimia 3 ya kipato cha kaya, wa pili 2, wa tatu 1.

Sheria yetu Tanzania, ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, si mbaya, msinirukie. Likizo ya uzazi siku 84 kwa malipo, 100 kwa mapacha, kisha hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Lakini mama yuko Posta, katikati ya Dar, mtoto yuko Chanika, pembezoni mwa jiji! Basi anakamua, tena chooni. Maziwa yanahimili kama saa 4, joto likiwa halizidi nyuzi 25, na Februari ya Dar mnaijua. Friji ya ofisi imejaa soda za bosi. Akiruka kukamua, titi nalo linapunguza kutengeneza, na mtoto anaanzishiwa uji kabla ya miezi 6.

Huyo ni mwajiriwa. Muuza mboga hana hata hizo siku 84. Analipa ushuru, analipia choo, mtoto kalala kwenye boksi chini ya meza. Asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo ya wanawake tunaipigia makofi. Marejesho yanatoka wapi kama mtoto akiugua meza inafungwa?

Mtasema: "Sisi tulilelewa na bibi." Ndiyo, na vizuri, huku Sweden hakuna jirani wa kukupokea mtoto bila kuulizwa. Ila bibi wa leo naye yuko sokoni. Anabaki dada wa kazi, mara nyingi binti ambaye angekuwa darasani. Huo ndio uwezeshaji?

"Kapanda ndege juzi, leo anatufundisha." Haya. Sijaomba chekechea ya Malmö. Naomba chumba kimoja sokoni: feni, maji, mikeka, mlezi 1 kwa vichanga 3, sehemu ya ushuru uleule ikilipia. Ofisi za jengo moja zichangie chao. Kiwe ghorofa ya chini, mama asimalize dakika zake akisubiri lifti.