Kabla ya kununua unga, ulizeni kama kuna mkaa

Tumsifu Yesu Kristo.

Benki za chakula, yaani vituo vya kuwagawia wahitaji chakula bure, zinazoendeshwa kwenye kumbi za makanisa huku Uingereza zina swali moja ambalo linafurahisha na kukera kwa pamoja. Mwenye njaa anaulizwa: una jiko? Kama hana, anaulizwa kama ana birika la umeme. Kama hata birika halina kazi kwa kuwa mita yake ya umeme wa kulipia kabla, ndugu ya LUKU yetu, imeisha uniti, anafungiwa kapu la namna nyingine: biskuti, samaki wa kopo, matunda ya kopo, maziwa yasiyohitaji friji. Tena yanachaguliwa makopo ya kuvuta kwa kidole, maana asiye na jiko huenda hana hata cha kufungulia kopo.

Linafurahisha kwa sababu lina akili. Linakera kwa sababu sisi ndio tulitakiwa kuwa wa kwanza kuliuliza.

Matangazo ya Kwaresima ya parokia za Dar mnayajua: kila jumuiya ilete unga, maharage, mchele, sukari, mafuta na sabuni, tutawatembelea wahitaji, akina mama wavae kitenge cha WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania. Kitenge kivaliwe, kinapendeza. Ugomvi wangu ni na maharage.

Kilo tano za maharage makavu zinapendeza mkononi, shida inaanzia jikoni. Yasipolowekwa usiku kucha yanakaa motoni saa mbili au tatu. Na yale ya bei poa ambayo mweka hazina anajisifu kuyapata, mara nyingi ni ya msimu uliopita. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye stoo yenye joto na unyevu, yaani stoo yoyote ya jiji letu, yanakakamaa. Utachochea mkaa tangu asubuhi na bado yatagonga meno. Bibi wa Tandale anayenunua mkaa kwa kopo atamaliza mkaa wa siku mbili kwa sufuria moja. Mtungi wa gesi wa kilo 6 anao, uko chini ya kitanda, mtupu. Basi anamuuzia jirani maharage kwa bei ya hasara apate hela ya mkaa, kamati inasikia, na Jumapili inayofuata tunaambiwa wahitaji wa siku hizi hawana shukrani.

Shukrani gani? Mlimpa kazi, hamkumpa chakula.

Choroko zinaiva ndani ya saa moja hivi, hata bila kulowekwa. Dagaa wa Mwanza, wakiwa wakavu kweli, ni dakika chache kwenye kikaango. Punguzeni maharage nusu, hela iliyobaki inunue mkaa, ubebwe siku hiyohiyo pamoja na unga. Najua mkaa hauwezi kupitishwa altareni kwenye maandamano ya matoleo, utachafua. Upitie nyuma.

Halafu unga. Mtu akisema dona ndiyo yenye lishe, yuko sahihi. Lakini kwenye dona kiini kimesagiwa humohumo, na mafuta ya kiini huchacha. Kwa joto la Dar baada ya wiki kadhaa unaanza kusikia uchungu. Ya kula wiki hii, toeni dona. Ya kuwekwa, toeni sembe. Kilo moja inawatosha watu wanne au watano kwa mlo mmoja, kwa hiyo familia ya watu watano inayosonga ugali mara moja kwa siku inahitaji kilo saba kwa wiki. Mfuko wa kilo 25 kwa bibi anayeishi na mjukuu mmoja ni kuwafuga fukusi.

Na Pasaka huja masika yakiwa yameanza au yanabisha hodi. Nani asiyejua nyumba za bonde la Msimbazi zinakuwaje mwezi wa nne? Unga uliolowa na kuota ukungu ni wa kutupa, kuuanika juani hakuondoi sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana inaingiza kilo 10 za unga bila shida, na unga ukiisha ndoo inabaki ya maji. Sabuni ifungwe mbali. Unga uliosafiri na sabuni ya unga kwenye mfuko mmoja, ugali wake unanuka kufua.

Sasa nawasikia. "Kakaa Ulaya kidogo, keshajiona mzungu." Hapana. Huku mwenye njaa kwa kawaida anatakiwa kwanza kuwa na vocha kutoka kwa daktari au mshauri, ndipo apewe chakula cha siku tatu, tena mlango unafunguliwa kwa saa zake. Wanauliza habari za jiko kwa sababu hawamjui mtu! Sisi, tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipokubaliana mwaka 1976 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa uchungaji, tunasali nyumba kwa nyumba kila wiki. Tumekaa kwenye mkeka wa yule bibi. Tumeona jiko lake limejaa majivu ya juzi. Hakuna benki ya chakula Uingereza yenye taarifa kama za mwenyekiti wa jumuiya ya Manzese, halafu mwenyekiti huyo analetewa orodha moja kwa kaya zote na anaisoma kama Waraka wa Mtume Paulo.

Mwingine atasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sawa kabisa. Moyo hauivishi maharage.

Wanaopanga kwenda kuwaona wagonjwa wa saratani pale hospitali ya Ocean Road nao wafikirie upya. Ndugu waliomleta mgonjwa kutoka mkoani, na matibabu ya mionzi yanaweza kuchukua wiki nyingi, watasongea wapi ugali? Mkate, chupa ya chai, maji, sabuni ya kipande, kanga, nauli ya daladala.

Kwa hiyo Jumamosi hii, kabla hela hazijaenda sokoni, mwenyekiti aulize kila nyumba anayoikusudia: mnapikia nini, mko wangapi, mnahifadhi wapi. Aandike kwenye daftari la jumuiya, ukurasa wa nyuma unatosha. Mnunuzi atoke na daftari hilo, asitoke na tangazo la parokia. Na picha, kama lazima ipigwe, mpigeni ndoo.