Upweke wa Saga
Mwandishi mmoja anadai tamthilia za upelelezi za Skandinavia zinatuvuta kwa giza na baridi. Hapana, ndugu mwandishi. Tazama tena Bron (yaani “Daraja”), tamthilia ya televisheni ya 2011: maiti imelazwa katikati kabisa ya daraja la Øresund, mpakani mwa Uswidi na Denmark, na polisi wa nchi hizo mbili wanalazimika kushirikiana. Saga, mpelelezi wa kike wa Malmö, Uswidi, anasema Kiswidi, mwenzake Martin wa Copenhagen, Denmark, anamjibu kwa Kidenmark, na kazi inaendelea bila mkalimani! Daraja lilifunguliwa mwaka 2000 ili kuwaunganisha majirani hao. Lakini Saga, hodari kuliko wote kazini, anarudi nyumbani peke yake. Mimi huyo ndiye aliyeniliza, siyo maiti.