Kitufe cha "Sitaki" Kimekwenda Wapi?

Mimi si mtu wa makuu. Nikifika kazini nina ombi moja tu kwa kompyuta: iwake. Sisemi iwake haraka, haraka nilishaisamehe kitambo. Iwake tu nilione faili langu, nimalizie ripoti ambayo bosi ameanza kuiulizia kwa ile sauti yake ya upole inayotisha kuliko makelele. Badala yake nakuta vinukta vinazungukana kwenye skrini, na chini yake maandishi: "Inasakinisha masasisho, asilimia 7. Usizime kompyuta."

Nani kakwambia nataka kuizima? Mimi nimekuja kuiwasha!

Na hiyo asilimia 7, jamani. Asilimia za kompyuta si hizi tulizofundishwa shuleni. Kutoka 7 inaruka mpaka 29 kabla hujakaa vizuri, ukatabasamu, ukasema leo Mungu kanikumbuka. Kutoka 29 kwenda 30, mtu anaweza kuposa, akakataliwa, akaposa kwingine. Ikifika 100 unasogeza kiti, unakunja mikono ya shati, unanyoosha vidole. Inajizima. Inawaka. Asilimia 3.

Kinachoniudhi hasa ni ile adabu yake ya uongo. Siku chache kabla ya kunivamia huwa inaleta kijisanduku kule chini pembeni: masasisho muhimu yako tayari, je, tuzime na kuwasha sasa, au tukukumbushe baadaye? Nimekikagua kijisanduku hicho kona zote. Kitufe cha "Sitaki" hakimo. Hata mdai sugu ukimwambia "sina" huondoka, akirudi atarudi kesho. Hiki kijisanduku hakijui "sina", kinajua "lini" tu.

Msinione nalalamika peke yangu, wenzangu walifika mpaka mahakamani. Mwaka 2016 Microsoft ilikuwa inawahamisha watu wa Windows 7 na 8.1 kwenda Windows 10, bure, kwa kuwabembeleza kila siku. Mtu akichoka anabofya ile alama ya X kwenye kona, ile ambayo tangu tumezijua kompyuta maana yake ni "niondolee hiki". Wapi! Kufunga dirisha lile kulihesabiwa kuwa umeikubali ratiba ya kuhamishwa. Bibi mmoja wa California mwenye biashara ya safari alisema kompyuta yake ya kazi ilivurugika baada ya kuhamishwa bila ridhaa, akashtaki, akalipwa dola 10,000. Mwishoni mwa Juni mwaka huohuo kampuni ikatangaza kwamba X sasa itafunga kweli, na kitaongezwa kitufe cha kukataa. Yaani neno "hapana" lilihitaji tangazo rasmi. Kampuni iliyotengeneza mfumo wa kompyuta yangu mimi siitaji jina, nachelea itanisikia iniletee sasisho jingine.

Tatizo jingine ni kumbukumbu. Mimi nasahau mpaka siku ya kuzaliwa ya mwanangu, lakini hii kompyuta haijawahi kusahau "baadaye" hata moja niliyoiahidi. Tena ina jicho la kuchagua saa. Nikiwa nimekaa nautazama ukuta sina kazi, imetulia, hata feni haisikiki. Ngoja niitwe kwenye kikao.

Ilikuwa zamu yangu kuwasilisha. Wakubwa wamekaa, wageni wamekaa, nimechomeka waya wa projekta, nimekohoa kidogo kwa heshima. Ukuta mzima ukawa na vinukta vinavyozungukana na maandishi makubwa kama mlango: "Tunashughulikia masasisho." Nikasema samahani, dakika moja tu. Watu wakatulia, wote wanautazama ukuta kwa makini. Mgeni mmoja, mtu mzima, mpole sana, akainama kwa jirani yake akauliza, "Hii ndiyo slaidi ya kwanza?" Jirani akaitikia kwa kichwa. Ilipofika asilimia 30 nikamwona mtu wa uhasibu anaandika kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini, lakini kwenye muhtasari wa kikao imo: "utekelezaji umefikia asilimia 30."

Nikashuka kwa kijana wetu wa TEHAMA na hasira zangu zote.

"Kaka," akaniambia bila kuinua macho, "unajua WannaCry?"

"Sijui, na sitaki kujua."

Akanieleza hivyohivyo. Mei 2017, kirusi kikafunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai pesa ndipo kifungue. Hospitali za Uingereza zikaahirisha hata upasuaji. "Na kiraka cha kuziba tundu kilimopitia," akasema, sasa ananitazama, "kilishatolewa tangu Machi. Miezi miwili! Waliokuwa wanabofya 'baadaye' kama wewe ndio waliolia."

Sikuwa na jibu. Nikapanda ngazi nimenywea. Nikalitafuta jibu, nikalipata, nikashuka tena mbio.

"Mdogo wangu, na Julai 19, 2024?"

Akanyamaza. Anaijua. Siku hiyo sasisho moja bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 kwa mpigo. Ndege zikabaki chini, abiria wakalala sakafuni, na mafundi wakawa wanaziendea kompyuta moja baada ya moja kufuta faili kwa mkono. Najua, najua, halikuwa sasisho la mfumo endeshi wenyewe. Lakini aliyechelewa kuletewa sasisho lile siku hiyo alikunywa chai yake kwa amani.

"Kaka, ile ilikuwa bahati mbaya," akasema.

Bahati mbaya. Ya kwangu mimi ni uzembe, ya kwao ni bahati mbaya.

Tuseme sasisho limeisha salama. Unadhani umepona? Windows 10 ya mwanzoni ilikuwa ikimaliza inakuandikia kwamba mafaili yako yote yapo palepale ulipoyaacha. Mimi sentensi hiyo hunitoa jasho, maana mtu haapi kitu ambacho hakijashukiwa. Na kweli, Oktoba 2018 toleo jipya lilifuta nyaraka za baadhi ya watu, wakalisimamisha siku chache baadaye. Machi 2021 likaja jingine, kompyuta ukiiambia iprinti kwa aina fulani za printa inazirai kwa skrini ya bluu. Kuprinti tu! Mimi yangu haizirai. Yenyewe kila ikitoka kusasishwa inaitazama printa iliyo pembeni yake miaka yote, inaniuliza kama kuna printa yoyote nataka kuitambulisha.

Ofisini kila mtu ana mbinu zake. Yupo asiyezima kompyuta, anaifunika tu na kuondoka kwa kunyata. Yupo anayechomoa waya wa intaneti kila Jumanne ya pili ya mwezi, kwa kuwa alisikia ndiyo siku ya Microsoft kutoa viraka, desturi iliyoanza 2003. Anasahau kwamba Jumatano lazima auchomeke. Mwingine kaingia kwenye mipangilio, mahali pa kutaja saa za kazi ili mfumo usijizime ndani ya muda huo, akaweka saa 18, kiwango cha juu kabisa. Bosi alipita nyuma yake akaziona. Sasa yule bwana anapangiwa kazi za saa 18.

Mimi nilidhani ukombozi umefika. Oktoba 14, 2025 Windows 10 iliishiwa muda wake wa kuhudumiwa, ukiacha waliojiandikisha kuongezewa, na baada ya hapo na yangu ikaletewa barua yake ya kustaafu: kifaa hiki hakikidhi vigezo vya toleo jipya, hakitapokea tena masasisho. Nikaisoma mara mbili. Nikawaonyesha wenzangu. Nilitembea ofisini kifua mbele mpaka mchana.

Kisha kijana wa TEHAMA akaja na uso wa msiba. "Kaka, hii sasa ni hatari kuiacha kwenye mtandao wetu. Omba nyingine."

"Naomba wapi?"

"Kwenye mfumo mpya. Unajaza fomu, siku hiyohiyo inapitishwa."

Nikaufungua mfumo mpya. Ukafikiri. Ukaniandikia kwamba kivinjari changu ni cha zamani, tafadhali nisasishe kwanza.