Saa ya Mkononi Haiioni Ndoo ya Kichwani

Mama anayetoka kisimani na ndoo ya lita 20 amebeba kilo 20 za maji, ukiacha uzito wa ndoo yenyewe. Mkono mmoja umeishika ndoo, hausogei mbele wala nyuma. Mvalishe saa janja kwenye mkono huo, na hatua zake nyingi huenda zisihesabiwe, maana saa husoma mtikisiko wa mkono. Mzigo wa kichwani ndio kabisa, hauujui.

Kwa hiyo nasikitika ninapoona watu wakipanga chakula kwa kufuata kalori zilizoandikwa na saa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima vifaa saba vya aina hiyo mwaka 2017. Kwa mapigo ya moyo, sita vilikosea kwa chini ya asilimia 5, na hiyo ni kazi nzuri. Kwa kalori, hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Saa hutegemea pia mapigo ya moyo kukadiria kalori, lakini moyo huenda mbio kwa jua kali na kwa hofu pia, si kwa kazi peke yake. Hata hivyo, anayeshinda ofisini akaona leo katembea kidogo kuliko jana, saa imemfaa.

Njia inayoaminika zaidi ya kupima nishati anayotumia mtu ni kumnywesha maji yenye hidrojeni na oksijeni nzito, kisha kupima mkojo wake kwa wiki moja au mbili. Hidrojeni hutoka mwilini kama maji tu, oksijeni hutoka pia katika hewa ya ukaa. Tofauti yao huonyesha nishati iliyotumika. Ni ghali, na hutoa jumla tu: kutwanga kumekula kiasi gani, kulima kiasi gani, haisemi. Lakini jumla hiyo ilitushangaza. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wakachapisha matokeo mwaka 2012: ukizingatia ukubwa wa mwili, watu hawa wanaotembea sana kila siku hawakutumia nishati nyingi kuliko Wamarekani. Kumbe huwezi kujumlisha kazi moja moja ukadhani umepata hesabu ya siku nzima.

Kwa kazi moja moja kuna barakoa ya kupima oksijeni. Mwaka 1986, mtafiti Maloiy wa Nairobi na wenzake waliripoti kwamba wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda wa kichwani, waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kuongeza matumizi ya nishati. Naupenda utafiti huo kwa sababu uliuona ustadi pale ambapo wengi huona ubebaji tu. Ila utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 2010, kwa wanawake wa Kixhosa, ulikuta watu wakitofautiana sana, na kubeba kichwani hakukuwa na nafuu ya jumla kuliko kubeba mgongoni.

Tena, kwa mama wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Ndoo yetu imeshavuka hapo kwa mbali. Anayekadiria chakula cha mama huyu bila kupima ndoo, umbali na mlima anaoupanda, amekadiria mtu mwingine.