Maji Yako ni Salama, Endelea Kuchemsha

Mimi na maji hatuna ugomvi jamani. Ugomvi wangu uko na yule anayekaa ofisini kwa mamlaka ya maji kuandika zile meseji. "Ndugu mteja, maji yako ni safi na salama kwa matumizi ya nyumbani." Sawa, asante. Afu mstari wa chini yake, hata hajameza mate: "Unashauriwa kuchemsha maji kabla ya kunywa." Sasa nishike lipi? Kama ni salama nachemsha nini, na kama ni ya kuchemsha huo usalama ni wa nani, wa bomba? Na msiniambie matumizi ya nyumbani maana yake kudeki, maana ninavyojua mimi nyumbani ndo watu wanakonywa maji, sijawahi kuona mtu anatoka na kiu chake kwenda kukimalizia barabarani.

Sasa subiri ije bili. Hapo ndo utajua hawa watu sayansi wanayo, ila wanaitumia wanapotaka. Usomaji wa mita wa mwezi uliopita, usomaji wa mwezi huu, uniti ulizotumia, deni la nyuma, huduma ya majitaka, kila mstari desimali mbili. Uliza sasa, ndani ya hizo uniti kulikuwa na nini? Kimya. Yaani kitu kinapimwa wingi wake mpaka tone la mwisho, ukija kwenye ubora naambiwa niwe na imani. Imani! Kwani nimejiunga na dhehebu?

Na hayo maji yenyewe yana tabia. Nikifungua bomba sijui leo natembelewa na nani. Kuna siku yanatoka meupeee, jirani yangu mmoja mstaafu, huyu bwana hakuna kitu hajui, akachungulia ndoo akasema hiyo dawa imezidi, mtakatika matumbo. Mtaa mzima ukaogopa. Kumbe wala. Maji meupe kama yale mara nyingi ni hewa tu iliyobanwa na presha, unayaweka kwenye glasi unasubiri kidogo, yakianza kung'aa kuanzia chini kwenda juu basi ni vipovu vinapanda zao. Tope lenyewe hufanya kinyume, linashuka kwenda kulala chini. Nikamwonyesha mzee kwa macho yake, akasema "basi hewa imezidi dawa." Nikaacha.

Ya kahawia ndo yananitoa roho. Maji yakikatika halafu yarudi kwa fujo yanakorokochoa kila kilicholala kwenye mabomba ya zamani, kutu, chuma, manganisi, vyote vinakuja kwangu, tena siku nimeloweka mashati meupe. Napiga huduma kwa wateja, dada ana sauti nzuri hata hasira inalegea, ananiambia "usijali mteja, fungua bomba la maji baridi yaachie yatiririke mpaka yatakate." Na ushauri wenyewe ni sahihi kabisa, ndivyo inavyotakiwa. Lakini dada, mita inazunguka! Hayo machafu nayalipia mimi! Nasafisha bomba la mji mzima kwa hela yangu afu mwisho wa mwezi nadaiwa. Nilipomwambia hivyo akanyamaza kidogo akaniuliza kama kuna kingine cha kunisaidia.

Tena kabla hata ya ya kahawia kuna upepo. Pshhhh, khaa khaa, bomba linakohoa. Mita nyingi za kawaida hazijui tofauti ya maji na hewa, kinachopita kinahesabiwa. So nalipia upepo, nalipia tope, maji yenyewe yakija nimeshaishiwa.

Lakini twende kwenye kinachonikosesha usingizi, mgao. Watu wanadhani ubaya wa mgao ni kukosa maji. Hapana. Bomba lililojaa maji yenye presha likiwa na tundu, linavuja kwenda nje, hasara ya mamlaka, sawa. Maji yakikatwa presha inashuka, lile tundu linageuza kazi, linaanza kuvuta kilichopo nje kuingia ndani. Na nje kuna nini? Udongo uliolowa, mtaro, pengine shimo la choo la mtu. Kwahiyo maji yanaweza kutoka kwenye mtambo yako safi kabisa, yakafika kwangu yana historia.

Na kule kwenye mtambo mi nawapa heko yao, sio mtu wa kusema kila kitu kibaya. Wanatia shabu, tope linashikana linazama, maji yanapita kwenye mchanga, mwisho wanatia klorini. Klorini inatakiwa ipewe angalau nusu saa ifanye kazi yake, na ibaki kidogo ya kuyasindikiza maji njiani. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka mpaka bombani kwa mtumiaji ibaki si chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Ndo maana watu wanaolalamika maji yananuka dawa nawashangaa, ukisikia kaharufu kadogo jua msindikizaji bado yupo. Siku harufu imepotea kabisa ndo ukune kichwa. Sasa swali langu, tena la kitoto, hiyo 0.2 wanaipimia wapi? Maana ukipimia getini kwa mtambo utafaulu kila siku. Njoo upime kwangu huku bomba linakoishia, baada ya siku ya mgao, saa bomba linakohoa, tuone kama hiyo desimali utaiona.

Ukibisha sana wanakuambia jukumu letu linaishia kwenye mita. Baada ya mita ni mwenye nyumba. Haya, mwenye nyumba. Tenki letu huko juu mfuniko uliondoka na upepo siku nyingi. Tenki wazi, jua linapiga, klorini iliyobaki inapotea, mwani unaota kijani kibichi, ndege wanafanya mambo yao. Nikampigia. "Shikamoo mzee, tenki halina mfuniko." Marahaba ameitikia vizuri tu. "Maji yanatoka?" Yanatoka mzee. "Sasa tatizo nini?" Yaani kwake maji ni ndiyo au hapana, hakuna jibu la tatu. Kulisafisha nako, watu wanaojali wanasafisha angalau mara mbili kwa mwaka, la kwetu nadhani linasubiri mvua iingie ilisuuze.

Kwahiyo tunachemsha. Gesi inaisha, sufuria zimejaa, friji lina chupa za maji tu, mke wangu ametoa amri hakuna kugusa chupa isiyo na alama. Na kuchemsha kunasaidia, yakishatokota kwa nguvu dakika moja vijidudu vimekwisha, ukiwa milimani zaidi ya mita 2,000 ndo uende dakika tatu. Ila kuna kitu watu hawaambiwi. Kuchemsha kunaua kilicho hai. Madini ya risasi hayako hai. Nitrati haziko hai, floraidi haiko hai. Unachemsha, mvuke unaondoka, wao wamebaki wamekaa, tena sasa maji yamepungua wao wako vilevile, umewatengenezea nafasi ya kujidai. Jirani nilipomweleza hili akasema basi yeye anachemsha nusu saa nzima ili yafe na hayo. Nikamwambia mzee, hayo yalikuwepo kabla ya dunia kupata binadamu wa kwanza. Akasema ndo maana yanahitaji moto mwingi.

Halafu pale ulipo na hofu zako ndo anatokea kijana wa mafilta. Shati limepigwa pasi, mkoba mweusi, "baba naomba dakika mbili tu." Anatoa glasi mbili, moja maji ya bombani moja maji yake ya filta, anachomeka kakifaa ka umeme kenye vijiti vya chuma. Jamani! Maji ya bomba yanachemkachemka yanageuka kahawia, kijani, nyeusi, mauzauza. Maji yake yametulia tuli. "Umeona baba unachowanywesha watoto?" Mke wangu kashika kichwa. Majirani wameshajaa mlangoni. Mimi nikamwambia kijana, hebu tia chumvi kidogo kwenye hayo yako masafi. Akaniangalia. Nikatia mwenyewe. Akawasha kwa shingo upande, na yake yakageuka tope vilevile, tena kwa kasi. Kwasababu ile sio takataka ya maji, ni chuma cha vile vijiti kinayeyuka kwa umeme, na umeme unapita vizuri kwenye maji yenye chumvichumvi, kwenye maji yaliyotolewa madini yote haupiti, basi. Akatoa kingine, kadude kanachosoma namba, huku kwangu kanasoma juu kwake kanasoma chini, nacho kinapima tu chumvi na madini yaliyoyeyuka, kijidudu cha kipindupindu kikipita mbele yake hakioni. Kijana akafunga mkoba. Mke wangu akanikasirikia mimi, eti nimemwaibisha mtoto wa watu.

Sasa mtasema huyu bwana mnoko, wakisema salama si akubali yaishe. Nisikilizeni. Mwezi Julai 1988 kule Camelford, Cornwall, Uingereza, mji mdogo tu, dereva wa kushikilia zamu ya mwenzake kaja na tani 20 za ile ile shabu ya kusafishia maji, kamwaga kwenye tenki lisilo lake. Wateja kama 20,000. Maji yanachoma midomo, watu wanapiga simu, wanaambiwa ni salama, na kama ladha inakusumbua changanya na juisi ya machungwa. Juisi! Ukweli umekuja kusemwa wiki mbili na zaidi zimepita.

Haya, Walkerton, Ontario, Kanada, mwezi Mei 2000. Mji wa watu kama 5,000. Mvua kubwa imesomba samadi ya ng'ombe ikaingia kisimani, na waendeshaji wa mtambo walikuwa na mazoea ya kuandika vipimo vya klorini kutoka kichwani. Watu wa afya wanapiga simu kuuliza, wanajibiwa maji hayana shida, wakati majibu mabaya ya maabara yameshafika. Watu 7 walikufa, zaidi ya 2,000 waliugua. Hapa sina utani.

Na Flint, Michigan, Marekani. Aprili 2014 wanahamia maji ya mto ili kubana matumizi, hawakutia dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe, risasi ikaanza kumomonyoka kuingia kwenye maji ya watu. Wananchi wanapeleka chupa za maji ya rangi ya chai kwenye mikutano, wanaambiwa salama. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha General Motors kikasema maji haya yanatia kutu vipuri vya injini, kikaruhusiwa kuhama chanzo. Mnaelewa? Injini ilisikilizwa. Binadamu akasubiri mwaka mwingine mzima mpaka Oktoba 2015 ndo wakarudishiwa maji ya zamani. Toka nilipojua habari hii nafikiria siku nikipiga huduma kwa wateja nijitambulishe kama gearbox.

Sisemi kwetu kuna sumu. Inawezekana kabisa maji yetu ni mazuri kuliko ninavyoyasema, na hicho ndo kinachoniudhi zaidi, maana kama ni mazuri kinawagharimu nini kuonyesha? Mi sitaki semina, sitaki kipeperushi chenye picha ya mtoto anacheka na glasi. Nataka karatasi moja ibandikwe kila mwezi. Tarehe ya kuchukua sampuli. Mtaa waliochukulia, na uwe mtaa wa mwisho wa bomba, sio pale pembeni ya ofisi yao. Klorini iliyobaki ngapi. Tope kiasi gani. E. koli, vile vijidudu vya kinyesi, kwenye mililita 100, na hapo jibu linalokubalika ni moja tu, haitakiwi ionekane kabisa, usiniandikie "kiwango cha kuridhisha", nani kakuambia mimi naridhika na kinyesi kidogo. Na risasi wapimie bombani ndani ya nyumba za watu, asubuhi maji yakiwa yamelala kwenye mabomba usiku kucha, maana ndo saa inapojitokeza.

Wakishindwa karatasi basi waiweke nyuma ya bili, nafasi ipo, saizi wameweka tangazo la kutukumbusha kulipa mapema.

Ila naomba sana, siku ya kuzindua hiyo karatasi wasituletee mgeni rasmi kuja kunywa glasi ya maji mbele ya kamera watu wapige makofi. Tumbo la mheshimiwa sio maabara. Na pale Flint, siku ya kuhamia mto, viongozi waliinua glasi za maji wakapongezana. Picha zilitoka vizuri tu.