Ngome ya Aleppo: Ghazi anabebeshwa lawama isiyo yake

Mwaka 1260 Wamongolia wa jemadari Hulagu waliuvunja mji wa Aleppo, Syria, kwa siku chache tu, na mwezi hivi baadaye ngome yake ya kilimani nayo ikasalimu amri. Hapo ndipo wakosoaji wanapomshika az-Zahir Ghazi, mwana wa Salahuddin, mtawala wa Aleppo aliyeiimarisha ngome hiyo na kufariki 1216: mali yote ile aliyoimwaga kilimani ilifaa nini? Swali lina uzito. Waliochinjwa walikuwa watu wa mjini, na handaki la mwanamfalme halikuwakinga.

Ila tuangalie kazi yenyewe. Handaki lilikwenda chini kiasi cha mita 22, upana kama 30, na mteremko wa kilima ukavikwa mawe ya kuchonga. Wachimbaji wa Aleppo walisifika kwa kutoboa chini ya kuta za watu, hivyo Ghazi alijua vyema hatari hiyo. Langoni njia inakata kona baada ya kona: gogo la kubomolea milango halipati pa kukimbizwa, na mshambuliaji anageuza ubavu chini ya matundu ya walinzi.

Tena aliyemhofia si Mmongolia. Ni ami yake, al-Adil, aliyekwisha kuwameza wapwa wengine. Ghazi aliukubali ukubwa wa ami huyo, akamwoa bintiye Dayfa Khatun, lakini Aleppo ikabaki mkononi mwa Ghazi. Alipofariki 1216, mrithi wake al-Aziz alikuwa mtoto wa miaka mitatu hivi. Katika ukoo ule, mtoto wa umri huo alikuwa windo. Mlezi wake, Tughril, akaishika ngome. Mwaka 1218 Waseljuki, Waturuki waliotawala Anatolia, walikuja pamoja na al-Afdal, ndugu wa Ghazi mwenyewe, wakarudishwa (sifa za vita hivyo, kwa haki, ni za jeshi la al-Ashraf, mwana wa al-Adil, aliyekuja kuisaidia Aleppo). Mwaka 1236 al-Aziz naye akafa, akaacha mtoto mwingine, an-Nasir Yusuf. Bibi yake Dayfa akatawala kwa niaba yake hadi 1242. Watoto wawili mfululizo, na hakuna jamaa aliyewapokonya kiti.

Ngome humchelewesha adui mpaka msaada ufike. Mwaka 1260 mzee Turanshah, mwana wa Salahuddin, alishikilia kilimani karibu mwezi mzima. An-Nasir alikuwa Damascus, na jeshi lake likatawanyika bila kuisogelea Aleppo.